Haki za wanawake mtaani zianzie kwenye kikoba

Nafundisha wasaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Dar, wengi wanatoka Mbagala, Buguruni na Tandale, na kila kundi jipya linauliza tuanzie wapi. Wanawaza mkutano, turubai, spika, fulana zenye maandishi. Mimi nawaambia hayo yasubiri, mtaani kwenu tayari kina mama wanakaa pamoja kila wiki, kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwenye upatu, nendeni huko. Na hii sio akili mpya, mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake wa Dar kwenye TANU, chama kilichopigania uhuru, kupitia vikundi vya ngoma, yeye mwenyewe alikuwa anaimba kikundi cha Bomba, yaani alivikuta vikundi vina viongozi wake na watu wanaaminiana.

Sasa ukifika kikobani usimwage usawa wa kijinsia wote kwa mpigo. Chukua jambo moja. Kwangu la kwanza siku zote ni nyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye karatasi ni la mume peke yake. Ukishasema hilo maswali hayaishi, na lazima mmoja atauliza, mimi sijawahi kuajiriwa, nimelea tu watoto, je nina changu hapo? Unacho mama. Kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali iliyochumwa pamoja. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu, lakini msimamo ule ndio unaowasaidia wengine mpaka leo, na inaniuma kwamba wanawake wengi hawajawahi hata kuusikia.

Lakini kujua kifungu hakutoshi kwa sababu huku kwetu nyumba nyingi hazina hati, kuna karatasi ya mauziano tu, imegongwa muhuri serikali ya mtaa na mjumbe kasaini kama shahidi, kwa hiyo nyumba inaweza kuuzwa mchana kweupe mama yuko sokoni. Ndio maana nasisitiza mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wawe wa kwanza kufuatwa, na kwa heshima, waombwe kitu kimoja tu: muuzaji akija aulizwe mwenza wake yuko wapi, aje asaini naye. Mjumbe mmoja anayeuliza hivyo anaokoa familia nyingi kuliko semina yoyote. Na vijiweni pia mpite, wapo kina baba wanaotaka binti zao walindwe hivyohivyo.

Kwenye kipigo na ubakaji hapo msaidizi asijifanye hakimu. Asisuluhishe, asiite wazee wakae kikao, amsindikize mtu Dawati la Jinsia na Watoto polisi akachukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na aliyebakwa hospitali iwe haraka, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Na tafadhali sana jina la mtu lisitupiwe kwenye grupu la WhatsApp, hata kama ni la wasaidizi watupu, likivuja mara moja hakuna mama mwingine atakayekuja kwenu.

Kinachowaondoa watu wa kujitolea mara nyingi ni nauli, kesi inaahirishwa weee na kila safari mtu anatoa mfukoni mwake. Ongeeni na kikoba mapema, wana mfuko wa jamii wa ugonjwa na misiba, waombeni nauli ya kumsindikiza mwenzao mahakamani nayo iingie humo, iandikwe kabisa kwenye katiba ya kikundi kabla kesi ya kwanza haijaja.