Kurudisha mkanda nyuma na kuzeesha picha: anza na mashine

Mteja akiniomba video "iwe ya zamani", kabla sijagusa kompyuta namuuliza: zamani ya mashine gani? Filamu ya miaka ya 1920 na mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi wake havijawahi kukaa kwenye mashine moja. Preseti nyingi, yaani mipangilio iliyotengenezwa tayari, huvichanganya tu: mikwaruzo ya filamu, chenga za TV na ukahawia, vyote ndani ya klipu moja. Mtazamaji huenda asijue kilichomkera, ila hadanganyiki. Kila kasoro ina chanzo chake, na ukikijua chanzo unajua pa kuiweka na pa kuiacha.

Nianze na kurudisha nyuma, maana ndiyo kazi ninayoombwa sana hapa Kigoma msimu wa harusi. Maharusi wanakata keki ukumbini Mwanga, picha inakimbia kinyumenyume, inatua kwenye mkanda wa harusi ya baba na mama. Kwenye programu ya kuhariri video ya Premiere Pro unafungua Speed/Duration na kutia tiki Reverse Speed. DaVinci Resolve na CapCut nazo zina amri kama hiyo. Ukiishia hapo umepata watu wanaotembea kinyumenyume, basi. Deki inaporudisha mkanda huku picha ikionekana, mkanda unakwenda mara kadhaa ya kasi yake ya kawaida, na kichwa kinachosoma hakifuati tena njia moja, yaani mstari mmoja wa picha iliyorekodiwa kwenye mkanda. Kinakatiza njia kadhaa kwa mpigo. Vichwa viwili vya VHS vimewekwa kwa pembe tofauti, kila kimoja kinasoma njia zake tu. Kikipita juu ya njia ya mwenzake hakiambulii kitu, na hapo ndipo zinapozaliwa zile pau za chenga zinazokata picha kwa mlalo.

Kwa hiyo napandisha kasi hadi kama asilimia 600, naweka pau tatu au nne zinazotetemeka palepale zilipo, na ndani ya kila pau naisukuma picha pembeni. Rangi naififisha. Mwanzo nauacha uchukue kasi polepole, mwisho usimame kwa mshtuko, picha iruke juu mara moja kisha itulie. Sauti msiisahau: deki nyingi za nyumbani hunyamaza wakati wa kurudisha. Ule mlio mwembamba wa maneno yanayokimbia ni wa kaseti ya redio. Mngurumo mdogo wa mota unatosha.

Mkanda ukishatua, kazi kubwa ni rangi. VHS hubeba rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, ndiyo maana kitenge chekundu cha shangazi humwagikia ukutani nyuma yake huku mikunjo ya nguo ikibaki wazi. Nakili klipu, nakala ya juu itie ukungu wa mlalo peke yake, ibadilishe iwe modi ya Color ili itoe rangi tu, halafu isogeze kulia pikseli chache. Na ile mistari michache inayopinda chini kabisa ya picha? Inatoka pale kichwa kimoja kinapompokeza mwenzake kazi, na TV za zamani ziliificha nyuma ya fremu. Iweke kama hadithi yako ni mkanda uliohamishiwa kwenye kompyuta. Kama unaonyesha familia imekaa sebuleni inatazama TV, itoe.

Filamu ni habari nyingine. Chukua Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na kurudi kazini ziwani mwaka 1927. Ukitaka picha zako za bandarini zionekane za wakati ule, tia Posterize Time, efekti inayopunguza idadi ya fremu, kwenye fremu 16 kwa sekunde, funga klipu ndani ya sikwensi yake (nest), ndipo uikimbize kwa asilimia 150. Mpangilio huo usiugeuze. Ndio unaoleta ule mwendo wa haraka wa filamu iliyopigwa kwa fremu 16 na kuonyeshwa kwa 24. Mikwaruzo iwe ya wima, kwa sababu filamu hupita wima kwenye mashine na uchafu uliokwama huichana kwa urefu. Mstari mmoja ukae sekunde kadhaa palepale. Vumbi, kinyume chake, libadilike kila fremu.

Filamu nyingi za awali hazikuona wekundu. Ukipunguza nyekundu na kupandisha bluu kwenye kichanganya rangi (Channel Mixer), anga na ziwa vinakuwa vyeupe kama inavyotakiwa, lakini nyuso zetu zinazama gizani, macho na tabasamu vinapotea. Hapo naachana na usahihi. Narudisha nyekundu mpaka mvuvi wa Kibirizi aonekane sura yake, kwa sababu sioni maana ya kuzeesha picha kwa kumfuta mtu aliyemo.

Mwisho, punje, yaani vile vidoa vidogo vinavyochezacheza kwenye picha ya filamu. Zile ndogo zinazopendeza kwenye kompyuta huchapwa na mgandamizo wa WhatsApp zikageuka viboksi vya matope. Kama video inakwenda status, tumia punje kubwa na chache, kisha ijaribu kwanza kwenye simu ya kawaida kabla hujamkabidhi mteja.