Fedha za polisi haziko kwetu, za bomoabomoa ziko

Juzi baada ya sala ya alasiri, kwenye barza ninayonywea kahawa hapa Jang'ombe, Zanzibar, kijana mmoja wa chuo alinikaba. "Ami, wewe si ulikuwa mtu wa bajeti manispaa? Kwa nini msizikate fedha za polisi mkawajengea watu nyumba?" Alikuwa ameona mambo ya Marekani kwenye simu. Wazee wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lake zuri, ila kapiga hodi nyumba siyo.

Polisi ni jambo la Muungano. Limo katika yale mambo 11 ya mwanzo ya mwaka 1964, na mpaka leo mshahara wa askari wa kituo cha Malindi unatoka kwenye bajeti inayopitishwa Dodoma. Diwani wa Mjini hata awe na nia gani, hawezi kugusa shilingi moja ya mafuta ya difenda.

Marekani ni mbali na hapo. Kule polisi ni wa jiji, na madiwani ndio wanaopitisha fungu lake kila mwaka. Ndiyo maana George Floyd alipouawa na polisi Minneapolis Mei 2020, waandamanaji walikwenda kwenye mabaraza ya miji kudai fedha za polisi zipunguzwe. Mfano ninaoupenda ni wa Austin, Texas. Agosti 2020 madiwani wa huko walipitisha kuondoa kama dola milioni 150, karibu theluthi ya bajeti ya polisi wao. Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi nimekula chumvi na majedwali, kwa hiyo hushuka chini kuangalia kasma, yaani kifungu cha matumizi, moja moja. Zilizokatwa papo hapo zilikuwa kama milioni 20 tu. Nyingi ya zilizobaki zilikuwa fedha za kazi zilizopangwa kutolewa mikononi mwa polisi, kama maabara ya uchunguzi na upokeaji wa simu za dharura. Sehemu ya kilichookolewa ikaenda kwenye huduma za watu wasio na makazi, katika hoteli ambazo jiji lilizinunua kuwaweka. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria ya kuyabana majiji makubwa yanayopunguza fedha za polisi, na Austin ikazirudisha.

Mtu wa bajeti hapo anaona mambo mawili. Uhaulishaji, yaani uhamishaji, wa fedha bila uhaulishaji wa kazi haudumu. Na aliye juu yako akitaka, anakupokonya kalamu.

Sasa turudi kwetu. Serikali ya Mapinduzi, yaani ya Zanzibar, ina vikosi vyake: JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza. Vinaitwa Idara Maalum, na wizara inayovisimamia ndiyo hiyo hiyo inayosimamia mabaraza ya manispaa. Waziri mmoja, hotuba moja ya bajeti pale Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo anayetaka mjadala wa ulinzi na ustawi kugombania mfuko mmoja, asiende mbali, auanzie hapo. Na asiitie Zimamoto kwenye kapu la mabavu, tafadhali. Nyumba ikiwaka Mchangani ndio tunaowakimbilia.

Lakini ninakokujua vizuri ni manispaani. Kule hakuna kasma iliyoandikwa "mabavu". Kuna mafuta na vilainishi. Kuna posho ya kazi nje ya saa. Kuna kukodi kijiko cha kubomolea, matengenezo ya gari, sare, na ulinzi wa ghala la vitu vilivyokamatwa. Zimetawanyika idara tatu nne, kila moja inaonekana kidogo. Mwaka mmoja, baraza nililokuwa nikifanya kazi (sitalitaja, wenzangu wengine bado wapo), nilikaa usiku nikazikusanya zote kwenye ukurasa mmoja. Nikaweka pembeni kasma ya ustawi wa jamii. Mkuu wangu aliutazama ule ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni. "Kazi nzuri," akasema. Sikuuona tena.

Kilichonikesha usiku ule ni mama mmoja muuza urojo. Alikamatiwa meza, beseni la kachori na mwavuli, mara tatu kwa mwezi mmoja. Kila mara alikuja dirishani kulipa faini, akakatiwa risiti, akabeba beseni lake lililopata ufa, na baada ya siku mbili yuko pale pale. Mara ya tatu akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu: "Baba, nihamie wapi basi?" Tulikuwa tunalipia gari la kumkamata, watu wa kumkamata na mlinzi wa kulinda kachori zake zioze. Jibu la swali lake halikuwa na kasma. Baadaye masoko mapya yalijengwa, Mwanakwerekwe na Jumbi, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, na hiyo ndiyo kazi ninayoisema. Ila mwenye kuuza jioni kando ya njia soko la ghorofa halimtoshi, anataka taa, maji na ruhusa.

Bomoabomoa ni hivyo hivyo. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 593,678 Mjini Magharibi, ya 2022 ikawakuta 893,169. Hao laki tatu walioongezeka wamelala wapi? Wengi wamejenga wenyewe, wengine mabondeni, maana ndiko kiwanja kilikopatikana kwa bei yao. Mvua za masika zikija wanakuwa wamezuia njia ya maji, tunapeleka kijiko. Zamani kidogo serikali ilitangulia: baada ya Mapinduzi zilijengwa nyumba za Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha majumba ya Michenzani. Tuyalaumu kwa mengine, mabomba yake na ngazi zake nazijua, lakini watu walipewa pa kukaa kabla ya kuambiwa hapa hapakaliwi.

Watu huniambia haiwezekani, fedha hakuna. Nawakumbusha Pensheni Jamii. Aprili 2016 serikali ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina yake yenyewe, awe alikuwa mtumishi au mvuvi. Kabla ya hapo nayo ilikuwa haiwezekani.

Bi mkubwa mmoja wa jirani, aliyekuwa akitusikiliza dirishani, akaingilia: "Nyinyi semeni, lakini mtoto akidhalilishwa mimi namtaka polisi, simtaki mtu wa ustawi." Ana haki. Ndiyo maana nakipenda kituo cha mkono kwa mkono pale Mnazi Mmoja: daktari, polisi na ofisa ustawi wapo mahali pamoja, mtoto haulizwi jambo lile lile nyumba tatu. Polisi yupo, anafanya kazi yake, hafanyi ya daktari. Kwa kijana wa unga napo ni vivyo hivyo. Kidongo Chekundu kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, tangu 2015, na kila anayefikishwa pale ni mmoja asiyehitaji difenda usiku.

Kijana wangu hakuridhika. Alitaka jambo la kufanya kesho. Nikamwambia mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo makadirio yanapikwa miezi mingi kabla. Amfuate diwani wake mapema, asimuulize habari za polisi, amuulize kasma tatu tu: mafuta, posho ya kazi nje ya saa, na kukodi mitambo. Akanitaka nimwandikie. Sikuwa na karatasi, nikaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, na safari hii nikamwambia aipige picha kwanza.