Umoja wa Wakristo si kufanana

Kauli hii nimeisikia sana Dar es Salaam, hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Kama Wakristo ni wamoja, mbona hawasali namna moja?" Anayeuliza hivyo anadhani umoja ni kufanana. Sivyo.

Yesu aliwaombea wanafunzi wake wawe na umoja (Yohana 17). Hakuomba wawe sare. Kule Roma waumini wengine walikula kila kitu, wengine mboga tu. Paulo, katika Warumi 14, hakuwapangia chakula kimoja. Aliwakataza kudharauliana na kuhukumiana, na hapo ndipo kazi ilipo, maana kudharau hakuhitaji hata kufungua mdomo.

Mwaka 1963 makanisa 7 ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kila moja na historia yake. Tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, jambo lililowatenganisha tangu karne ya 16. Meza ya Bwana bado hawashiriki pamoja. Hilo linauma, na sioni sababu ya kulificha.

Lakini nenda msibani Kinondoni. Mpentekoste anaanzisha pambio, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliyevaa kitenge cha sare anaitikia huku akichambua mchele, na mwanakwaya wa Kianglikana anashika besi. Hakuna anayeulizwa alibatizwa kwa maji mengi au machache. Jumapili kila mmoja anarudi kanisani kwake.