Swali la dukani: kupima ulemavu kwa wazee wa Kivietnam nchini Marekani

Kazi yangu ni tiba ya viungo kwa wazee, na hapa Houston wengi wa wagonjwa wangu ni Wavietnam. Kabla sijagusa goti la mtu hunibidi kujaza dodoso, na swali linalonitaabisha kuliko yote ni lile ambalo hata Ofisi ya Sensa ya Marekani hulitumia katika tafiti zake: je, kutokana na hali ya mwili, akili au hisia, mhusika hupata shida kwenda peke yake dukani au kwa daktari?

Nilimuuliza hivyo bibi mmoja aliyepata kiharusi, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani. Alijibu kupitia mkalimani, bila kusita, kwamba hana shida yoyote. Nani hununua samaki? Mkaza mwanawe. Nani humleta kliniki? Mwanawe. Kwake yeye, kufanyiwa hayo na watoto ni haki ya uzee, si upungufu wa kuandikwa kwenye fomu. Siku hiyohiyo mzee mwingine, mwenye miguu mizima kabisa, alijibu kwamba shida anayo, kwa sababu hajui Kiingereza na hawezi kusoma kibao cha basi. Kwa mujibu wa karatasi zangu, mlemavu alikuwa yeye.

Ndiyo maana takwimu za ulemavu nazisoma kwa tahadhari, ingawa jambo moja silitilii shaka: Wavietnam wakichanganywa na Wajapani na Wachina katika fungu moja la "Waasia", hali yao halisi hufichika, kwa kuwa fungu hilo kwa jumla huonekana lenye afya njema. Historia za watu hawa hazifanani. Hata miongoni mwa Wavietnam wenyewe, waliohamishwa Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975, takriban watu 130,000, si sawa na wale wanaojiita "HO", yaani wafungwa wa zamani wa kambi za mafunzo ya kisiasa za serikali ya kikomunisti baada ya vita, ambao waliruhusiwa kuhamia Marekani kwa makubaliano ya mwaka 1989 iwapo walikuwa wamefungwa kwa miaka 3 au zaidi. Wengi wa hao walifika wakiwa watu wazima sana, wakiwa na athari za njaa, kazi za sulubu na vipigo vya kichwa, na umri uliobaki haukuwatosha kukamilisha miaka 10 ya michango ambayo kwa kawaida hutakiwa ili mtu apate pensheni.

Magonjwa yenyewe ni yaleyale ya uzee, shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya viungo, pamoja na homa ya ini ya aina B, ambayo wengi waliambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa, kabla chanjo haijapatikana. Kisukari huwapata Waasia wakiwa bado wembamba, hata ikapendekezwa mwaka 2015 wapimwe ugonjwa huo pindi uwiano wao wa uzito na urefu (BMI) unapofikia 23, badala ya 25 ya watu wengine.

Tatizo ninalokutana nalo zaidi ni dozi. Niliwahi kufungua kisanduku cha vidonge cha mgonjwa nikakuta kila kidonge cha presha kimekatwa nusu kwa kisu cha jikoni, kwa ustadi wa kupendeza. Dawa za kizungu huhesabiwa kuwa nóng, yaani zenye joto, na mwili uliodhoofika hauvumilii joto jingi. Kumkaripia mtu kama huyo hakusaidii. Hufunga mdomo, na kisu kinaendelea na kazi. Siku hizi namuuliza kila mmoja kama dawa inamtia joto, na mara nyingi ndipo ukweli hutoka.

Swali la dukani nalo nimeacha kulisoma kama lilivyoandikwa. Nilipomtembelea yule bibi nyumbani kwake nilimwomba anifungulie chupa ya nước mắm, ile sosi ya samaki isiyokosekana mezani kwao. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama kidogo, kisha bila kusema neno akamnyooshea mkaza mwanawe, ambaye aliifungua huku akiendelea kuzungumza nami. Nikajaza "ndiyo".