Shahidi Mkweli Naye Hufananisha: Utambuzi wa Mtuhumiwa kwa Macho

Shahidi mwongo mara nyingi hufichuka akihojiwa kwa makini. Anayeipa mahakama taabu zaidi ni shahidi mkweli aliyemfananisha mtu, kwa kuwa anaapa kwa dhati ya moyo kwamba aliyemvamia ndiye huyu aliye kizimbani. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, iliuhesabu utambuzi wa macho kuwa ushahidi dhaifu kabisa, usiofaa kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kufananisha uwe umeondolewa.

Mahakama huuliza shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, na kama alimfahamu kabla. Swali la mwanga ndilo linaloangusha mashauri mengi ya usiku. Kusema tu kwamba taa ilikuwa inawaka hakutoshi. Ni lazima ielezwe ilikuwa taa ya aina gani, ilikaa wapi, iliangaza kwa kiasi gani na ilimulika uso wa nani, maana tochi iliyo mkononi mwa mvamizi humulika anayevamiwa na kumwacha mvamizi mwenyewe gizani. Hofu nayo ina sehemu yake: mbele ya panga au bunduki, macho huganda kwenye silaha na sura hupita bila kushikwa vizuri.

Kumbukumbu huendelea kubadilika hata baada ya tukio, hasa majirani wanapotaja majina au picha ya mtuhumiwa inapozunguka kwenye simu. Kwa hiyo shahidi anayemfahamu mhalifu amtaje mapema, kwa mtu wa kwanza anayefika na kisha polisi. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita mahakama hiyohiyo ilieleza kwamba kuchelewa kumtaja bila sababu huzua shaka.

Mhalifu akiwa mgeni, shahidi aeleze kwanza urefu, umbo, mavazi na alama zake, ndipo lifanyike gwaride la utambulisho, yaani mtuhumiwa apangwe mstarini na watu wengine ili shahidi amwonyeshe aliyemwona. Watu wanaopangwa pamoja na mtuhumiwa wafanane naye kwa umri, kimo na mwonekano, na shahidi asiwe amemwona kabla akiwa chini ya ulinzi. Asimamie askari asiyepeleleza kesi hiyo, na asimwambie shahidi kwamba amepatia, kwa sababu neno hilo moja humwongezea uhakika ambao hakuwa nao. Kiasi cha uhakika wa shahidi kiandikwe palepale, kwa maneno yake mwenyewe.