Pekingese wa kasri alikuwa na pua

Wenye Pekingese, mbwa mdogo mwenye uso bapa, wanaokuja kliniki kwangu huniuliza swali lilelile: kwa nini anakoroma hata akiwa macho? Mimi ni daktari wa wanyama, na jibu langu huanzia Beijing, China.

Kule mbwa huyu alikuwa wa kasri. Watawala wa nasaba ya Qing walimpenda kwa kuwa alifanana na simba, mnyama mtukufu kwa Wabudha. Matowashi ndio waliomlea, na wale wadogo kabisa walibebwa ndani ya mikono mipana ya majoho. Ukale wake una dalili katika vinasaba pia: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulimweka miongoni mwa mbwa walio karibu zaidi na mbwamwitu, pamoja na aina nyingine za mbwa kama Shih Tzu na Chow Chow.

Oktoba 1860, katika Vita vya Pili vya Kasumba dhidi ya China, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora Yuanmingyuan, kasri la kale la kiangazi la watawala hao, kisha Waingereza wakalichoma moto. Mbwa watano walichukuliwa hadi Uingereza. Mmoja, kapteni John Hart Dunne alimpa Malkia Victoria, naye akaitwa Looty, jina lililotaja uporaji bila haya, kwani “loot” kwa Kiingereza ni kupora.

Mwaka 1861 mchoraji Friedrich Wilhelm Keyl alimchora Looty. Itazameni picha hiyo kwa makini. Looty yuko juu ya mto mwekundu, ukosi wenye kengele uko kando yake, na pua yake imechomoza. Ni fupi, lakini ipo. Ah Cum, dume wa Pekingese aliyetolewa China mwaka 1896 na kuzaa sana Uingereza, mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya Tring, Uingereza. Naye uso wake haujabonyea kama wa leo.

Uso bapa, basi, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mashindano ya urembo wa mbwa huku Magharibi. Waamuzi waliupenda, wafugaji wakawa wanazalisha wenye pua fupi zaidi, kizazi baada ya kizazi. Mfupa ukafupika, nyama za ndani zisipungue kwa kiasi hicho. Kaakaa laini, yaani nyama ya nyuma ya paa la kinywa, likabaki refu, likaziba njia ya hewa. Matundu ya pua yakabana. Na kwa kuwa mbwa hujipoza kwa kuhema, joto la mchana tu linaweza kumuua. Macho nayo yametokeza mno, yanapata vidonda kwa kuguswa kidogo tu. Haya yote yaliweza kuepukwa, na yananiuma.

Mwaka 2008 Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza kinachoweka vigezo vya mashindano, kilibadilisha vigezo vya Pekingese, kikataka pua ionekane. Mwaka 2012, kwenye Crufts, maonyesho ya mbwa ya chama hicho, Pekingese aliyeshinda katika aina yake alikataliwa na daktari wa wanyama, asiendelee kushindana.

Ukitaka kununua mtoto wa Pekingese, omba kwanza kumwona mama yake. Mtembeze mama huyo kidogo, kisha sikiliza anavyopumua. Akikoroma, usinunue.