Kikokotoo: tuligombana na namba ipi?

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi wa uchumi aliyetaka aonekane ana akili aliandika kuhusu deni la nje. Nami nikaandika. Novemba 2001 Tanzania ikakamilisha mpango wa kusamehewa kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, 2006 ukaja msamaha mwingine, na mada yangu ikanifia mikononi. Wenzangu wengi walihamia utafiti wa umaskini. Mimi nilihamia kodi, halafu pensheni, ambako semina ilikuwa ya watu saba na sahani ya sambusa isiyoisha.

Mwaka 2018 simu ikaanza kuita. Mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi, kisha zikatoka kanuni mpya za mafao. Neno kikokotoo, yaani fomula ya kukokotoa mafao ya mstaafu, likapanda daladala. Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 kikarudi na mkupuo, yaani sehemu ya pensheni ambayo mstaafu analipwa kwa mara moja, wa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani.

Jirani yangu hapa Changanyikeni ni mwalimu aliyestaafu baada ya nyongeza hiyo. Alikuja jioni moja na barua yake ya mafao ndani ya bahasha ya kaki, hata shikamoo yangu akaiitikia nusu.

"Dokta, wamesema wameongeza. Mbona zimepungua?"

Nilichukua mgongo wa mtihani ambao sikuwa nimeusahihisha, tukaanza. Nitaweka hapa namba za mfano, maana za kwake ni zake. Mshahara 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Utumishi miaka 36, yaani miezi 432.

Kwa fomula ya zamani unazidisha mshahara wa mwaka kwa 432, unagawa kwa 540. Inakuja 11,520,000, pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake unaizidisha kwa 15.5, yaani miaka anayokadiriwa kuishi baada ya kustaafu: mkupuo ni 89,280,000. Nusu iliyobaki unaigawa kwa miezi 12: anapokea 480,000 kila mwezi.

Kwa fomula ya sasa unagawa kwa 580, si 540. Pensheni ya mwaka inashuka hadi kama 10,725,500. Asilimia 40 yake unaizidisha kwa 12.5, mkupuo unakuwa kama milioni 53.6, na kwa mwezi kama 536,000. (Siku hizi wanatumia wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mkubwa ndani ya kumi ya mwisho, badala ya mshahara wa mwisho, nimeuacha uleule ili hesabu isituchoshe.)

Amepoteza milioni 35 na ushee mkononi, ameongezewa kama 56,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo, kufidia pengo kunataka zaidi ya miaka hamsini. Mwalimu alifundisha hisabati. Alinitangulia kufika kwenye jibu.

Jambo ambalo sikulisema vya kutosha redioni wakati ule ni hili. Nchi nzima iligombania asilimia: 25, 33, 40, turudishieni 50. Sasa mrudishie Mwalimu hiyo 50 lakini mwachie 580 na 12.5. Atapata mkupuo wa milioni 67 na pensheni ya 447,000. Yaani yuko chini ya zamani kotekote, mkononi na kwa mwezi. Asilimia inaamua tu upewe kiasi gani leo na kiasi gani kidogokidogo. Kisu chenyewe kilikuwa kwenye zile namba mbili, 580 na 12.5, ambazo wachache walizipigia kelele.

Je, kilikuwa kisu cha lazima? Naona ndiyo, sehemu kubwa, ingawa mwenye kukishika alipaswa kukionyesha. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa Serikali hakuchangia pensheni. Hazina ilimwahidi, basi. PSPF ilipoanza ilirithi ahadi za miaka hiyo, lakini fedha zake hazikuja nayo. Mfuko ukawalipa wastaafu kwa michango ya walio kazini, mwaka baada ya mwaka, na shimo likawa kubwa.

Shimo hilo halikuwamo kwenye jedwali hata moja la tasnifu yangu. Deni la Taifa, kwa hesabu rasmi, ni mikopo iliyosainiwa, na ahadi kwa mwalimu wa Sumbawanga haisainiwi Washington. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ikautolea mfuko, sasa ukiwa ndani ya PSSSF, hatifungani (hati ya deni) maalumu isiyo ya fedha taslimu, ya zaidi ya shilingi trilioni 2, kwa ajili ya ahadi hizo. Deni likapanda bila mtu kukopa hata senti siku ile. Wanasiasa walipiga kelele. Mimi nilifurahi kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea. Tunaambiwa kila mara kuwa deni letu ni himilivu, yaani linabebeka, na kwa vigezo vinavyotumika sina ugomvi. Ila neno hilo linategemea sana umeamua kuhesabu nini.

Na hatifungani hiyo italipwa na kodi. Ikiwamo ile 1,500 ya jengo ambayo Mwalimu anakatwa kila mwezi akinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Alipoona namba zimekwisha akaniuliza afanyie nini mkupuo wake. Nikamweleza hatifungani za muda mrefu za Serikali: unaanza na shilingi milioni moja, riba inalipwa kila miezi sita.

Akavua miwani. "Yaani niwakopeshe haohao?"

Nikasema ndiyo, haohao.

Akarudisha barua kwenye bahasha. Atajenga vyumba vitatu vya kupangisha, nyuma, pale penye mwembe.